Je, Wajua? Swali la malenga mmoja lilizaa mashairi ya wengine

Je, wajua kwamba gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa washairi, ambamo malenga mmoja aliuliza swali kwa shairi na wengine, hata wa miji ya mbali wasiopata kuonana naye kwa macho, wakamjibu kwa shairi? Kwa ada hiyo njema, aliyekosa ilhamu hakulazimika kuingojea, maana hoja ya mwenzake ilimpa maudhui. Utunzi huo ulikuwa na kanuni zake: mwaka 1954 mshairi Sheikh Amri Abedi, aliyekuja kuwa Meya wa Dar es Salaam, alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Ewe mwandishi chipukizi, nawe ukikwama, ifuate ada ya malenga hao: nenda sokoni Kariakoo, Dar es Salaam, wasikilize watu wakipatana bei, kisha waandikie jibu.