Kutoka Delta ya Rufiji hadi Jeddah: Saa Zipi Ndizo Ndefu?

Wazee wetu wanaonuia Hija au Umra hutuuliza kwanza bei, kisha tarehe. Ni wachache wanaouliza masafa, ilhali masafa na muda huchangia sana kuamua iwapo mzee atafika na nguvu za tawafu na sai, ama atafika amechoka kabla ibada haijaanza.

Tuitazame ramani. Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na ule wa Mfalme Abdulaziz, Jeddah, vyote vipo karibu na longitudo ya 39 Mashariki. Jeddah ipo kaskazini yetu, umbali wa kilomita zipatazo 3,160. Ndiyo sababu kibla cha Kibiti ni karibu kaskazini kamili, na saa ya msafiri haibadiliki: adhuhuri ya saa saba hapa ni saa saba huko. Ndege ya moja kwa moja hutumia kiasi cha saa nne na nusu.

Anayepitia Addis Ababa haongezi masafa, kwani mji huo upo karibu na mstari uleule. Anayepitia Doha huzunguka zaidi ya kilomita 5,000. Katika njia zote mbili, kinachochosha zaidi ni kungoja ndege ya pili, na muda huo hutofautiana tiketi kwa tiketi. Basi aulizwe wakala: tutapitia wapi, na tutangoja saa ngapi?

Njia hugusa pia ihramu. Ndege hukata kilomita 14 hivi kwa dakika. Usingizi wa dakika kumi ni kilomita 140. Atokaye Doha hupita upande wa Qarn al-Manazil, na atokaye kusini huangalia Yalamlam. Ni salama kuvaa ihramu mapema, na kumuuliza sheikh kuhusu mahali pa kunuia kwa njia iliyokatiwa tiketi.

Hata hivyo, safari yetu haianzii Dar es Salaam. Mkazi wa Mbwera au Kiongoroni hungoja maji yajae ndipo chombo kipite kati ya mikoko hadi Nyamisati. Kisha barabara ya Kibiti, kisha ile ya Kilwa, kisha foleni za jiji. Na maji hayamngoji msafiri: kujaa kwake huchelewa takriban dakika 50 kila siku, hivyo chombo kilichoondoka alfajiri leo hakitaondoka alfajiri wiki ijayo. Saa nne na nusu za angani zaweza kuwa kipande chepesi kuliko vyote.

Kwa hiyo twawausia watoto wenye wazazi wasafiri: hesabuni kuanzia gatini, si uwanjani. Mzee atoke delta siku mbili kabla, alale kwa jamaa, apumzike. Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awatakabalie.