Mzee wa Ughaibuni na Wasia Wake

Ndugu Waislamu, wapo wazee wetu waliotoka Mwambao na Visiwani, wakaitumikia Uingereza hadi kustaafu. Mambo ya visa na pensheni huyashughulikia mapema, mirathi huisahau.

Sheria ya England na Wales haifuati mafungu ya Suratun Nisaa. Afaye bila wasia, akaacha mke na watoto, mke hutangulizwa pauni 322,000, kiwango cha tangu mwaka 2023, pamoja na nusu ya kinachobaki. Nusu ya pili ni ya watoto. Mama mzazi, ambaye Qur'ani imempa sudusi, hapati kitu. Na mke aliyeolewa huko msikitini, ndoa isisajiliwe serikalini, hahesabiwi kuwa mjane.

Dawa yake ni wasia wa maandishi, utiwe sahihi mbele ya mashahidi wawili walio pamoja, wasiokuwa warithi, ukiagiza kwamba madeni yakishalipwa, mali igawanywe Kisharia. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba Mwislamu mwenye cha kuusia asipitishe siku mbili bila ya kukiandika.

Basi tuwapigie simu wazee wetu leo, baada ya Swala ya Ijumaa. Wabillahi tawfiq.