Gridi ya kuhariri rekodi zinazohusiana

Gridi ya kuhariri (pia: jedwali la kuhariri) ni sehemu ya skrini katika programu ya kompyuta inayoonyesha rekodi nyingi zilizo chini ya rekodi moja kuu, na kumruhusu mtumiaji kubadilisha taarifa zake palepale, bila kufungua kila rekodi katika ukurasa wake. Hutumiwa sana katika programu za biashara, kwa mfano kuonyesha bidhaa zilizomo katika ankara, malipo ya mteja mmoja au wanafunzi wa darasa pamoja na ada zao. Isichanganywe na gridi ya taifa, ambayo ni mtandao wa kusafirisha umeme.

Muundo

Msingi wa gridi hii ni uhusiano wa mama na watoto. Rekodi mama huonekana juu ya skrini. Rekodi watoto hupangwa chini yake kwa mistari, kila mstari ukiwa rekodi moja na kila safu ikiwa aina moja ya taarifa. Kinachowaunganisha si kukaa karibu kwenye skrini. Kila mtoto hubeba ndani yake namba ya mama, na programu inapofungua rekodi mama huita watoto wote wenye namba hiyo. Njia hii ya kuunganisha majedwali kwa namba ilielezwa na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, katika makala yake ya mwaka 1970.

Hapo ndipo gridi inapotofautiana na lahajedwali ya kawaida kama Excel, ingawa kwa macho zinafanana. Katika lahajedwali mtu anaweza kupanga safu ya majina kwa alfabeti na kuiacha safu ya kilo ilivyokuwa. Jedwali litaonekana safi kabisa, lakini kila jina litakuwa limepewa kilo za mtu mwingine. Katika gridi mstari mzima ni kitu kimoja, na ukihama huhama wote.

Mfano: mzigo wa korosho

Biashara ya korosho katika Mkoa wa Mtwara inaonyesha vizuri kazi ya gridi hii pamoja na hatari zake. Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde na Masasi iko chini yake upande wa magharibi, lakini utaratibu wa kuuza korosho ni mmoja. Mkulima hupeleka korosho zake kwenye chama cha ushirika cha msingi (AMCOS), ambako hupimwa kwenye mzani na kuandikiwa stakabadhi. Chama hukusanya korosho za wakulima wengi na kuzisafirisha kwenye ghala kuu. Vyama vya msingi vya Newala na Tandahimba viko chini ya chama kikuu cha TANECU. Vya Masasi viko chini ya MAMCU. Korosho huuzwa kwa mnada, kisha fedha hurudi kwa mkulima kupitia akaunti yake ya benki baada ya makato. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani unatokana na sheria ya mwaka 2005, na kwa korosho ulianza Mtwara katika msimu wa 2007/2008. Tangu msimu wa 2024/2025 minnada hufanyika kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX).

Kwa macho ya hifadhidata, mzigo uliopelekwa ghalani ni rekodi mama, na kila upimaji wa mkulima ni mtoto wake. Tuseme mzigo mmoja una wakulima wanne wenye kilo 320, 185, 76 na 419. Jumla ni kilo 1,000, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye hati ya kusafirishia. Karani akiingiza 67 badala ya 76, gridi itaonyesha jumla ya 991 na programu iliyotengenezwa vizuri itakataa kufunga mzigo. Tofauti ni 9. Wahasibu wa zamani walijua kwamba tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi hutokana na tarakimu mbili jirani zilizogeuzwa, na ujanja huo bado unafaa. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ambayo ndiyo serikali iliyoitangaza iliponunua korosho mwaka 2018, kilo hizo 9 ni shilingi 29,700.

Hata hivyo jumla haikamati kila kosa. Karani akimpa wa kwanza kilo za wa pili, na wa pili akapewa za wa kwanza, jumla inabaki 1,000 na hakuna taa nyekundu itakayowaka. Kosa hilo hugunduliwa na mkulima mwenye stakabadhi yake ya karatasi mkononi. Kwa sababu hiyo kompyuta haijaondoa umuhimu wa karatasi hiyo.

Kishawishi cha kulinganisha

Uzito wa ghalani unaweza kupungua kidogo kuliko ule wa kijijini, kwa kuwa korosho huendelea kukauka. Wahusika huita hali hiyo unyaufu. Ikiwa gridi haina mahali pa kuandika unyaufu, lakini inamdai karani jumla zilingane, inamfundisha kudanganya: atapunguza kilo mbili hapa na tatu pale mpaka hesabu ikubali. Kila kisanduku alichokigusa ni fedha ya mtu aliyehangaika na mikorosho tangu wakati wa kupuliza salfa. Ubovu hapo ni wa muundo kabla ya kuwa wa karani. Dawa yake ni rahisi: tofauti iandikwe kwenye rekodi mama, pamoja na sababu yake, na mistari ya wakulima isiguswe.

Kwa hiyo wepesi wa kuhariri, ambao ndio sifa kuu ya gridi, huhitaji mipaka. Programu nyingi huruhusu mistari ibadilishwe wakati mzigo uko wazi tu. Ukishaidhinishwa, visanduku hufungwa, na marekebisho hufanywa kwa kuongeza mstari mpya wa kusahihisha badala ya kufuta ule wa zamani. Pia huweka kumbukumbu ya nani alibadilisha nini, lini, na thamani ya awali ilikuwa ngapi. Kufuta rekodi mama nako kunahitaji tahadhari, kwa sababu katika mifumo mingine watoto wote hufutwa pamoja naye.

Tatizo jingine hutokea makarani wawili wanapofungua mzigo uleule. Bila kinga, anayehifadhi mwisho hufuta kazi ya mwenzake bila wote wawili kujua. Kinga ya kawaida ni kuipa kila rekodi namba ya toleo: programu ikikuta toleo limebadilika tangu karani alipoifungua, humzuia na kumwonyesha taarifa mpya.

Safu ya jina la mkulima isiwe ya kuandika kwa mkono. Majina kama Hamisi Saidi yako mengi, hata katika kijiji kimoja, na mtu mmoja anaweza kuandikwa kwa tahajia tatu. Karani achague mkulima kwa namba ya usajili, na jina lijitokeze lenyewe.

Historia

Lahajedwali ya VisiCalc, iliyotengenezwa na Dan Bricklin na Bob Frankston mwaka 1979, iliwazoesha watu kuandika tarakimu moja kwa moja ndani ya visanduku. Programu za hifadhidata zilifuata: Microsoft Access ilitoka mwaka 1992 ikiwa na fomu ndogo ndani ya fomu kubwa, na Delphi ya kampuni ya Borland, mwaka 1995, iliwapa waandishi wa programu gridi iliyo tayari kuunganishwa na hifadhidata. Siku hizi programu nyingi za biashara zinazotumika kupitia intaneti zina gridi ya namna hii.

Kwenye simu gridi haifai sana, kwa kuwa safu sita au saba hazienei kwenye kioo chembamba. Watengenezaji wengi huibadilisha pale iwe orodha ya kadi, mkulima mmoja kwa kadi moja, na jumla ya mzigo ikibaki juu muda wote.