Winchi ya Gari la Shule: Ukubwa wa Pua si Wingi wa Kamasi

Mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne na mvua za vuli hufika pamoja, mwaka baada ya mwaka, kana kwamba vimeahidiana. Mwaka 2023, mvua za El Niño zilipokata barabara, serikali ililazimika kutumia helikopta kupeleka karatasi za mtihani wa KCSE katika baadhi ya sehemu za nchi. Lakini si kila shule iwezayo kutumiwa helikopta, wala si kila safari ya mwalimu ni ya mtihani. Unga na maharagwe, mwanafunzi aliyeugua bwenini usiku, timu iendayo michezoni, vyote hupitia njia zile zile za udongo mweusi ambao ukilowa hugeuka gundi.

Si ajabu basi kwamba baadhi ya wakuu wa shule hujiuliza kama gari la shule halistahili kufungwa winchi, yaani ile mashine ya kuvuta kamba ambayo hulitoa gari matopeni. Swali hilo ni zuri. Jibu linalotolewa aghalabu ndilo lenye kasoro: nunua iliyo kubwa kuliko zote.

Kasoro hiyo nimeishuhudia kwa macho yangu. Nilikuwa abiria katika pikapu ya shule moja, tukivuka tambarare za Kapiti baada ya mvua ya siku mbili. Mbele ya gari palikuwa na winchi ya umeme ya kutisha, imefungwa juu ya bampa la chuma kizito, nayo ilikuwa fahari ya shule nzima. Pua ya gari ikazama hadi bampa likalalia matope. Dereva alibonyeza kitufe. Winchi ikanguruma, waya ukakaza, taa zikafifia, kisha kukawa kimya. Betri ilikuwa imekufa, na injini nayo ikazimika. Tukawa na winchi kubwa, gari zito, na jua linalotua.

Aliyetuokoa alikuwa mzee mmoja, fundi wa visima, aliyepita na lori lake kwenye ukingo mgumu wa njia. Alishusha mashine ndogo ya mkono yenye wenzo mrefu, kamba ya waya, na kapi moja.

"Mzee wetu," naibu wa mwalimu mkuu akamwambia kwa heshima, "kama ile ya umeme imeshindwa, hii itawezaje?"

"Si hii itakayovuta peke yake, mwalimu," mzee akajibu. "Itasaidiwa na kapi. Kwanza shusheni mizigo, kisha mnipe jembe."

Tulishusha magunia, sisi wenyewe tukashuka, tukachimba mbele ya magurudumu. Mzee akazuia magurudumu ya lori lake kwa mawe, akaifunga mashine kwenye lori, akaupitisha waya katika kapi lililofungwa kwenye pikapu, kisha akaurudisha ncha yake kwenye lori. Vijana wawili wakapokezana wenzo. Baada ya dakika zipatazo 40 pikapu ilikuwa imesimama juu ya udongo mgumu. Wanafunzi walipiga makofi. Nadhani hata waliokuwa hawapendi somo la fizikia walilipenda jioni hiyo.

Hebu tutazame kwa nini kidogo kilishinda kikubwa. Sababu ya kwanza ni uzito wenyewe. Winchi hufungwa mbele ya ekseli ya mbele, na hapo kanuni ya wenzo huanza kazi. Chukua gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa mita 3, kisha ufunge winchi na bampa lake, jumla kilo 60, mita 1 mbele ya ekseli ya mbele. Ekseli hiyo haitabeba kilo 60 tu, bali 80. Nayo ya nyuma itapunguziwa kilo 20, kwa kuwa pua inayoinama huinua mkia. Hivyo magurudumu ya mbele huzama upesi zaidi, na ya nyuma hupoteza mshiko. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kulipiga hesabu hilo ubaoni. Kwa ufupi, winchi nzito husaidia kulitia gari katika shimo ambalo imenunuliwa kulitoa.

Sababu ya pili ni umeme. Winchi ya volti 12 yenye uwezo wa kuvuta kilo 4,300 huweza kula ampea zipatazo 400 inapovuta kwa nguvu zake zote. Alteneta ya pikapu ya kawaida hutoa ampea chache mno kuliko hizo. Zinazosalia hutolewa na betri. Ikiwa betri ni kuukuu, au dereva akivuta mfululizo bila kupumzisha mashine, yatampata yaliyotupata sisi. Ukitumia kapi, kani kwenye waya hupungua karibu nusu, na mahitaji ya umeme hupungua pia. Mwendo nao hupungua nusu, lakini aliyekwama matopeni hana haraka ya kufika nusu njia.

Sababu ya tatu hujulikana na wachache. Uwezo unaoandikwa kwenye winchi hupatikana pale tu kamba inapokuwa tabaka moja juu ya dramu. Kadiri matabaka yanavyoongezeka, ndivyo kamba inavyovuta kutoka mbali zaidi na kitovu, na ndivyo kani inavyopungua. Kwa dramu yenye kipenyo cha sentimita 6.4 na waya wa milimita 9, mashine ya kilo 4,300 ikivuta kwa tabaka la nne hutoa takribani kilo 2,500 tu. Dawa yake ni kuufungua waya mwingi kabla ya kuvuta, na kapi hukulazimisha kufanya hivyo, kwa sababu waya huenda na kurudi.

Maarifa haya si mageni. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anasimulia jinsi Archimedes wa Syracuse alivyoivuta merikebu yenye shehena kwa mkono wake kupitia mfumo wa makapi. Na hapa kwetu, mabaharia wa pwani wamepandisha tanga na foromali la jahazi kwa kamba na makapi tangu zamani, bila injini wala betri.

Je, mnunuzi achague nini? Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba uwezo wa winchi uwe mara moja na nusu ya uzito wa gari pamoja na mizigo yake. Gari dogo la kilo 1,400 litahitaji winchi ya kilo 2,100 hivi. Pikapu ya kilo 3,000 itahitaji ya 4,500. Lakini hesabu hiyo humhusu anayevuta kwa kamba moja, bila kapi. Mwenye kapi imara na kamba ya kutosha aweza kutumia mashine iliyo ndogo na nyepesi zaidi, mradi awe na subira.

Pili, aitazame kamba. Mita 30 za waya wa chuma wa milimita 9 zina uzito wa kilo 10 hivi. Kamba ya sintetiki ya nguvu ile ile, iliyosokotwa kwa nyuzi maalumu za polithilini, ina kilo 2 au 3, na huelea juu ya maji. Ni ndugu wa mbali wa ile mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku nchini mwaka 2017, ila nyuzi zake zimenyooshwa kwa namna inayozipa nguvu ajabu. Wepesi huo una gharama yake. Kamba hiyo hukatwa na miamba yenye makali, huliwa na mchanga, hudhoofishwa na jua, na haipendi joto, kwa sababu huyeyuka ipatapo nyuzi 150 za Selsiasi, nayo hupoteza nguvu kabla ya kufika hapo. Kwa hivyo ifunikwe na ioshwe. Asiyekuwa tayari kuitunza abaki na waya.

Tatu, ajiulize atakwama mara ngapi. Wale wanaoshindana katika Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia ua wa kuzunguka Aberdare, ua wa kilomita zipatazo 400 uliokamilika mwaka 2009, huvuka mabonde na miamba kwa hiari yao. Hao wana haki ya kuwa na winchi ya umeme. Shule inayokwama mara mbili kwa muhula haina sababu ya kubeba kilo 60 kila siku kwa ajili ya siku mbili. Mashine ya mkono ya aina ya Tirfor yenye uwezo wa tani 1.6 ina uzito wa kilo 13 hadi 18 bila waya wake. Ndani yake mna jozi mbili za meno ambazo huushika waya kwa zamu, mfano wa mikono miwili ya mtu avutaye kamba kisimani. Haihitaji betri. Hukaa nyuma ya kiti, huhamishwa kutoka gari hadi gari, na huweza kulivuta gari kwenda mbele au kurudi nyuma, jambo ambalo winchi ya bampa la mbele haliwezi kwa urahisi. Ukiizidishia mzigo, pini zake za usalama hukatika kabla ya mengine kuvunjika. Kwa kapi moja hutoa karibu tani 3, na pikapu ya kilo 2,800 iliyoshushwa mizigo ya kilo 800 hubaki na kilo 2,000 tu.

Na hapa ndipo jembe linapoingia. Gari lililozama magurudumu tu huhitaji kani inayokaribia uzito wake lenyewe. Likizama hadi kwenye mabawa ya magurudumu, huhitaji mara mbili. Likizama hadi bodi, mara tatu. Kila gunia linaloshushwa na kila karai la tope linalochotwa ni kani ambayo hukuinunua dukani.

Sitamaliza bila kutaja hatari, kwa maana hapa ndipo maisha ya watoto yalipo. Kamba iliyokazwa ni kama upinde uliovutwa: ikikatika hurudi kwa kasi isiyokwepeka. Wanafunzi wasimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe, na asiwepo wa kuiruka wala kuikanyaga. Tandaza blanketi zito au koti juu yake. Vaa glavu. Acha mizunguko isiyopungua 5 ya waya juu ya dramu, au 10 kwa kamba ya sintetiki. Usifunge ndoana kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia trela, kwani hakikuundwa kwa kazi hiyo. Na kumbuka kwamba kapi linalofungwa kwenye mti huuvuta mti huo kwa kani mara mbili ya ile iliyo kwenye kamba. Tafuta mti mkubwa, na uuzungushie mkanda mpana ili usiuchune gome.

Wapenzi wasomaji, najua kwamba mashine kubwa ya kung'aa hupendeza katika picha ya siku ya wazazi. Lakini fedha za shule ni jasho la wazazi hao hao. Mwalimu mkuu anayepelekewa bei ya winchi na aulize uzito wa gari lenye mizigo, uzito wa winchi yenyewe, na umri wa betri. Kisha amwite mwalimu wa fizikia. Kapi, mkanda, jembe, na dereva aliyefanya mazoezi uwanjani siku ya jua ni bora kuliko tani za nguvu asizojua mtu kuzitumia usiku wa mvua.

Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Yule mzee wa visima hakuitaja methali hiyo. Alikunja waya wake, akafuta kapi kwa kitambaa, akakataa malipo, akawaambia vijana wawili waliochoka: "Nanyi mkafundishe wengine."