Mlezi wa wanovisi halei mtoto

Neno likishazoeleka halihojiwi tena. Miongoni mwa maneno ya aina hiyo ni "malezi", ambalo Wakatoliki wa Afrika Mashariki hulitumia kwa kile kipindi cha miaka kadhaa ambacho msichana anayetaka kuwa mtawa huandaliwa. Anayemwandaa huitwa "mlezi". Ni neno zuri, lenye huruma ndani yake. Hata hivyo, sisi tunaoshughulika na isimu twajua kwamba neno huandamana na mazoea yake. Anayelelewa aghalabu ni mtoto, na mtoto haulizwi kama anataka kulala wala haelezwi kwa nini amenyimwa hiki au kile. Methali inayotujia upesi ni ile ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kana kwamba matokeo yote yamo mikononi mwa anayelea.

Yafaa msomaji asiye Mkatoliki aelezwe ngazi zenyewe. Msichana huwa kwanza mwaspiranti, kisha mpostulanti, ndipo akaingia unovisi. Kwa mujibu wa Sheria za Kanisa zilizotangazwa mwaka 1983, hawezi kupokewa unovisini kabla ya kutimiza miaka 17. Unovisi huchukua miezi 12 au zaidi, lakini haupiti miaka 2, isipokuwa pale ambapo shaka ingalipo na miezi isiyozidi 6 ikaongezwa. Hufuata nadhiri za muda kwa miaka 3 hadi 6, na mwishowe za daima, ambazo hakuna aruhusiwaye kuziweka kabla ya umri wa miaka 21.

Ukizisoma sheria hizo kwa makini hutamwona mtoto mahali popote. Aliyeingia kwa kulazimishwa, kwa hofu kubwa au kwa hila, kupokewa kwake ni batili. Mnovisi yu huru kuondoka siku yoyote apendayo. Wakubwa wa shirika wamekatazwa kumsukuma kwa njia yoyote awafunulie yaliyomo dhamirini mwake. Anayezungumziwa humo ni mwanamke mzima aliye karibu kufanya uamuzi mzito, na kazi ya mlezi ni kuhakikisha kwamba uamuzi huo ni wake.

Nililianza wazo hili darasani. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha maana za maneno, nikatoa mfano wa "kulea". Msichana mmoja wa mwaka wa pili, ambaye kwa kawaida hakusema, aliinua mkono akaniambia, "Mwalimu, mimi nimelelewa mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na miaka ishirini na mmoja." Baada ya kipindi alikuja ofisini kunieleza. Alikuwa ametoka unovisini katika mwezi wa tisa. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba hana hakika tena, na alidhani watazungumza. Kesho yake, wenzake wakiwa katika sala za alfajiri, aliitwa mlangoni akapewa mfuko wake na nauli. Wenzake, alikuja kusikia baadaye, waliambiwa wasiulize. Alifika kwao jioni. Babaye aliyekuwa ameketi uani alimtazama, akainuka, akaingia ndani bila neno. Kigangoni akina mama walikuwa wamekwisha kununua kitambaa cha sare kwa sherehe ya nadhiri. Kwa miaka miwili hakukanyaga kanisani, si kwa kuwa aliacha kuamini, bali hakujua angekaa benchi lipi.

Sitamtaja mlezi yule wala shirika lake, na sidhani kwamba alikuwa mtu katili. Nadhani alifanya kama mzazi afanyavyo jambo la aibu linapotokea nyumbani: hulificha lisiwashtue watoto wengine. Hapo ndipo neno "malezi" linapoanza kudhuru.

Lugha yetu ina msamiati mwingine ulio karibu na jambo hili. Neno "mtawa" latokana na "kutawa", yaani kukaa ndani kwa faragha. Huko pwani mwari naye hutawishwa, akafundwa na kungwi au somo wake. Kufunda si kulea. Kungwi hamlishi mwari, humweleza yanayomngoja, hata yale ambayo mamaye angeona haya kuyataja, na siku zikitimia humwachilia. Mfano huu una kasoro yake, nami sitaificha: mara nyingi mwari hakuchagua aendako. Mnovisi lazima achague. Lakini laiti tungeazima kwa kungwi ule ujasiri wa kusema mambo waziwazi! Msichana wa leo aingiaye utawa anahitaji kuelezwa kuhusu useja akiwa na mwili wake na tamaa zake, kuhusu upweke wa saa tisa alasiri, kuhusu kumtii mkubwa asiyempenda, na kuhusu wazazi waliouza ng'ombe kumsomesha wakitarajia awasomeshe wadogo zake.

Mambo hayo hayasemeki kwa haraka. Sheria zizo hizo zasema mlezi awe ameandaliwa vyema na asizuiwe na kazi nyingine, na mnovisi naye asijazwe masomo wala majukumu yasiyohusiana moja kwa moja na maandalizi yake. Nimewahi kutembelea nyumba ambayo mlezi wake alikuwa pia mwalimu wa shule ya jirani na mtunza hesabu wa jumuiya. Wanovisi walikuwa shambani tangu asubuhi. Kulima hakuna ubaya, watawa wamelima tangu kale. Nilichojiuliza ni saa ngapi mama yule angepata nafasi ya kuketi na msichana mmoja, mlango ukiwa umefungwa, amsikilize.

Mlezi mwingine, mtawa mkongwe aliyestaafu kazi hiyo, aliniambia jinsi alivyokuwa akiwaaga waliotoka. Aliwakusanya wenzake sebuleni, wakala pamoja, aliyetaka kusema akasema, kisha yeye mwenyewe akamsindikiza hadi kituo cha matatu. Kwa wazazi alituma barua mapema, ili baba asishtukizwe. Nilimuuliza kama hakuogopa kwamba wengine nao wangetaka kuondoka.

"Mwalimu," akanijibu, "aliyebaki kwa kuwa hakuuona mlango, huyo hajabaki."

Mwanafunzi wangu alihitimu, na sasa anafundisha Kiswahili katika shule ya upili. Muhula uliopita alinipigia simu kuhusu msichana wa kidato cha nne anayetaka kujiunga na shirika fulani. Nilidhani angenitaka nimsaidie kumkanya. Kumbe alikuwa amekwisha kumwandikia barua ya mapendekezo. Alichotaka ni maoni yangu kuhusu maswali mawili aliyomfundisha ayaulize siku ya kwanza: mlezi wetu ana kazi gani nyingine, na yule wa mwisho kuondoka hapa aliagwaje?