Alama Moja ya Vema: Nani Anafungua Mafaili Yetu?

Wajumbe wa kamati za parokia, na wafadhili wetu pia, wametuuliza swali linalofanana: zile ripoti, picha za visima, majina ya wanafunzi wanaolipiwa ada na hesabu za kila robo mwaka tunazotumiana kwa mtandao, zinakaa wapi, na nani anaweza kuzifungua? Ni swali la haki. Aliyetoa fedha yake, na mama ambaye jina lake limo katika orodha yetu, wote wawili wanastahili jibu wanaloweza kulielewa. Tutajibu hapa, na tutasema pia tulipokosea.

Kwa miaka mingi tulitumia barua pepe na flashi. Ripoti moja ilikuwa na nakala sita au saba, kila moja imeandikwa "ya mwisho", na flashi zenyewe zilitembeza virusi kutoka ofisi hadi ofisi. Siku hizi tunatumia seva ya ushirikiano, yaani kompyuta moja inayowaka usiku na mchana, ambayo kila mwenye akaunti huifikia kwa intaneti na kukuta humo mafaili, kalenda ya mikutano na orodha ya kazi zinazosubiri. Programu yake inaitwa Nextcloud. Ilianza mwaka 2016, wakati Mjerumani Frank Karlitschek, aliyekuwa ameanzisha mradi wa ownCloud mwaka 2010, alipotoka huko na wenzake na kuanza upya. Ni programu huria, haina ada ya leseni. Lakini isichukuliwe kwamba ni ya bure kabisa: kuna umeme, kuna mtandao, kuna diski za akiba, na kuna mtu wa kuitunza. Mfadhili akiona katika bajeti mstari wa "matengenezo ya seva", ndio huo.

Kutoka kioo cheusi hadi vitufe

Hapo zamani seva ilikuwa mali ya fundi. Aliketi mbele ya kioo cheusi akiandika amri, na akisafiri kwenda msibani sisi wengine tulisubiri. Nextcloud nayo ina amri zake za kuandika, lakini kazi nyingi za kila siku hufanyika kwenye ukurasa wa kawaida wa intaneti. Msimamizi anaingia kwa akaunti yake, anabonyeza picha yake kwenye kona ya juu, na mbele yake kunafunguka orodha: mipangilio ya usimamizi, programu ndogo, akaunti. Baada ya hapo ni kubonyeza vitufe na kutia alama ya vema kwenye visanduku. Katibu muhtasi wetu alijifunza kwa siku mbili.

Ukurasa wa programu ndogo ndio mwepesi kuliko yote. Kila huduma ya seva ni programu ndogo inayowashwa au kuzimwa kwa kitufe, na nyingi zinaweza kuwekewa mpaka zionekane kwa kikundi fulani tu. Tumewasha kalenda kwa wote. Talk, ambayo ni ya mazungumzo na simu za video, tumeiacha kwa watumishi wa makao makuu, kwa sababu mtandao wa vigango vingi hauibebi.

Kwenye ukurasa wa akaunti kila parokia ni kikundi, na kikundi kinaweza kuwa na msimamizi wake mdogo anayefungulia akaunti watu wake bila kugusa wa parokia nyingine. Hapo pia ndipo panapowekwa kikomo cha nafasi. Akaunti mpya haina kikomo mpaka msimamizi akiweke, jambo tulilolijua siku diski ilipojaa video za arusi ya mjumbe mmoja. (Arusi ilikuwa nzuri, tuliiangalia kabla ya kuifuta.)

Linki iliyobaki wazi

Jambo zito liko kwenye ukurasa wa kushirikisha mafaili. Mtu mwenye akaunti anaweza kutengeneza linki ya faili na kumpelekea yeyote, hata asiye na akaunti. Ni huduma nzuri, kwani mkaguzi wa hesabu au mfadhili wa ng'ambo hahitaji kusajiliwa ili asome ripoti. Ila seva inapowekwa mara ya kwanza, linki hizo zinaruhusiwa, hazilazimishwi kuwa na neno la siri, wala hazina siku ya kufa. Masharti hayo yapo, kila moja na kisanduku chake, lakini lazima mtu aingie ayaweke. Sisi hatukuyaweka.

Mwaka 2021 mmoja wetu alitengeneza linki ya orodha ya kaya zinazolea yatima ili mkaguzi aipitie. Mkaguzi alimaliza kazi yake akaenda zake, linki ikabaki. Kwa njia tusiyoifahamu hadi leo iliingia kwenye kundi moja la WhatsApp, na miezi minne baadaye mjumbe wa parokia nyingine, ambaye hakuwa na akaunti kwenye seva yetu, alitupigia simu kwamba orodha hiyo anaiona kwenye simu yake. Tungekuwa na nafuu kama yangekuwa majina peke yake. Orodha ilikuwa na safu ya hali ya afya.

Tulifuta linki siku ileile, kisha tukaenda kwenye kaya hizo, nyumba kwa nyumba, kueleza na kuomba radhi. Mama mmoja alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: majirani zangu wameiona? Hatukuwa na jibu. Nextcloud ina programu ndogo ya kumbukumbu za ukaguzi, inayoandika faili gani limefunguliwa na saa ngapi, lakini huja ikiwa imezimwa na hakuna kati yetu aliyewahi kuiwasha. Hata ingekuwa imewashwa, kwa linki ya wazi ingetupa namba ya mtandao ya aliyefungua, si jina lake.

Tulichobadilisha baada ya hapo kilichukua chini ya nusu saa, na hilo ndilo linalotuuma. Sasa kila linki inadai neno la siri na inakufa baada ya siku 7. Watumiaji wanashirikishana mafaili na watu wa vikundi vyao tu. Kikundi kinachoshika taarifa za afya na za watoto kimeondolewa kabisa ruhusa ya kutengeneza linki. Kumbukumbu za ukaguzi zimewashwa. Ieleweke kwamba sharti jipya haligusi linki zilizokwisha kutengenezwa, kwa hiyo za zamani tulizitafuta na kuzifuta moja moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Kwa walio Tanzania, jambo hili sasa lina sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti, na inasimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Sheria hizi hazimwachi nje mtu kwa sababu anafanya kazi ya huruma.

Kufuta na kuzima

Kosa la pili lilikuwa dogo kwa sura. Mratibu mmoja wa miradi ya maji aliacha kazi, nasi tukafuta akaunti yake kama tulivyodhani inavyopasa. Katika Nextcloud, kufuta akaunti ni kufuta na mafaili ya mwenye akaunti, pamoja na yale aliyokuwa amewashirikisha wenzake. Asubuhi iliyofuata parokia tatu hazikuona ripoti zao za visima. "Futa" na "zima" ziko kwenye orodha moja ndogo inayofunguka ukibonyeza nukta tatu, na mkono uliochoka hautofautishi.

Tuliokolewa na nakala ya akiba ya wiki iliyotangulia. Hapa wenye seva zao wenyewe wasikilize kwa makini: nakala ya mafaili peke yake haitoshi, kwa sababu majina ya akaunti, vikundi na nani anaona nini vimo kwenye hifadhidata, na mipangilio imo kwenye folda yake. Vyote vitatu vichukuliwe kwa pamoja. Siku hizi anayeondoka tunaizima akaunti yake kwanza. Mafaili ya mradi tumeyahamishia kwenye folda za timu, ambazo ni mali ya kikundi, hivyo mtu akihama folda inabaki palepale.

Fundi hajaachwa kabisa. Ukurasa wa muhtasari huonyesha maonyo ya usalama, na mengi yanahitaji mkono wake. Vilevile matoleo makubwa ya Nextcloud hupandishwa moja baada ya jingine bila kuruka, na kwa mtandao wetu unaokatikakatika kazi hiyo inaweza kuganda katikati ikianzishwa kwa kitufe. Hiyo tunamwachia yeye na kioo chake cheusi.

Lakini kuamua linki iishi siku ngapi, au nani aone orodha ya wagonjwa, si kazi ya fundi, na wala si ya katibu muhtasi aliyeshika kipanya. Ni ya kamati. Ndiyo maana kuanzia mwaka huu badiliko lolote kwenye ukurasa wa kushirikisha mafaili linaandikwa kwanza kwenye muhtasari wa kikao, ndipo msimamizi anatia alama. Yeye mwenyewe ana akaunti mbili, moja ya usimamizi na moja ya kazi za kila siku, na ile ya usimamizi haifunguki bila namba ya pili inayotoka kwenye simu yake.

Parokia ambazo hazijaleta majina ya wasimamizi wawili wa kikundi chao zinaombwa kuyaleta kabla ya kikao kijacho cha waratibu, pamoja na orodha ya watu walioacha kazi au kuhama tangu mwaka jana. Akaunti zao bado ziko wazi.