Nusura Nayo Iandikwe

Hapa Mnazi, katika tambarare iliyo chini ya milima ya Usambara, gongo ni chombo cha mchungaji. Ndugu zetu wa Visiwani, waliozoea kuona michezo ya kila aina pale Mnazi Mmoja, huenda wakacheka wakisikia mtu wa Mnazi hii ya Lushoto akizungumzia mpira wa magongo. Hata hivyo, liko swali moja la mchezo huo linalomgusa kila anayechagua vijana, tangu mwalimu wa shule mpaka wakuu wa Serikali. Je, shuti lililokosa goli kwa upana wa kidole liandikwe katika hesabu ya mchezaji, au litupwe pamoja na lile lililokwenda vichakani?

Timu yetu ya Taifa ya magongo ilicheza katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, baada ya mataifa kadhaa kususia michezo hiyo. Wengi wetu tulikuwa bado migongoni mwa mama zetu. India ilitufunga 18 kwa 0, Hispania 12 kwa 0, Urusi ya Kisovieti 11 kwa 2, Poland 9 kwa 1, na Kuba 4 kwa 0. Katika mechi hizo tano tulifungwa magoli 54, tukafunga 3. Hayo ndiyo yaliyobaki, na kijana wa leo akiyasoma huona aibu tupu.

Lakini katika michezo hiyohiyo Filbert Bayi alishika nafasi ya pili katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui akawa wa pili katika mita 5,000. Wote wawili walipokewa kwa heshima waliyostahili. Sasa, medali ya fedha ni kitu gani kama si nusura iliyoandikwa? Riadha ina mahali pa kumweka aliyekaribia kushinda. Magongo hayana.

Jirani zetu wa Kenya wanaijua habari hii vizuri zaidi. Mwaka 1971, katika Kombe la Dunia la kwanza la mchezo huo lililochezwa Barcelona, Kenya ilifungwa na Hispania 1 kwa 0 katika nusu fainali, kisha India ikaifunga 2 kwa 1 katika kugombea nafasi ya tatu. Goli moja huku, goli moja kule, nayo ikawa ya nne duniani. Hakuna timu ya Afrika Mashariki ambayo nusura ilikuwa na thamani kubwa kwake kuliko ile.

Wenzetu wa magongo ya barafu wamekwisha kulifikiria jambo hili. Huko Amerika ya Kaskazini, shuti linalogonga mlingoti na kurudi uwanjani halihesabiwi kuwa limelenga goli. Huwekwa pamoja na yaliyokosa. Kwa kuona kasoro hiyo, wapo walioanza kuhesabu kila shuti linalopigwa, lililoingia, lililookolewa, lililozuiwa na lililotoka nje, na hesabu hiyo wakaipa jina la Jim Corsi, aliyekuwa mwalimu wa makipa wa Buffalo. Hata Nairobi, mji usiojua theluji, wapo vijana wanaocheza mchezo huo, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho lake la dunia.

Mimi sikubaliani na kapu hilo la Corsi kwa kazi tunayoitaka sisi. Linamsaidia mwalimu kujua ni timu ipi iliyoshambulia zaidi, lakini linachanganya shuti la fundi na la mbabaishaji. Tena ukisema tu “karibu”, kila shabiki atakuja na rula yake. Iandikwe nusura ya namna mbili pekee: mpira uliogonga mlingoti au mwamba, na mpira uliookolewa na beki juu ya mstari huku kipa ameshapitwa. Hayo jicho huyaona na sikio huyasikia. Goli la magongo lina upana wa mita 3.66 na kimo cha mita 2.14, na bao halikubaliwi ila mpira umepigwa kutoka ndani ya nusu duara lililo mbele yake. Anayegonga mlingoti mara tatu kutoka hapo anajua njia.

Wapenzi wa kandanda hawahitaji kuelezwa. Tarehe 5 Aprili 2024, mjini Pretoria, shuti la Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba likadunda chini, bao likakataliwa, na Mamelodi Sundowns wakapita kwa penalti 3 kwa 2. Kwa hesabu ya kawaida, mpira wa mwamba usiozaa bao hauhesabiwi hata kuwa umelenga goli!

Upo upinzani mmoja ninaouheshimu. Sisi tunaokaa katika vikao tunazijua taarifa za utekelezaji ambamo kisima kisichotoa maji huitwa “kimekaribia kukamilika” kwa miaka mitano. Nusura ikipewa cheo, wavivu wataijengea nyumba. Kwa hiyo isijumlishwe na magoli kamwe, wala isipewe pointi. Chuoni, mwanafunzi aliyeteleza kwenye herufi moja hakuambiwa kwamba amehitimu. Mwalimu aliweka alama pale alipoteleza, na kesho yake akaanzia hapo.

Mwaka mmoja nilikaa katika kikao cha kuchagua vijana wa kandanda kwa ajili ya michezo ya shule. Karatasi iliyokuwa mezani ilikuwa na majina na magoli tu. Kijana mmoja alikuwa na sifuri. Mashuti yake mawili yaliyogonga mlingoti niliyaona kwa macho yangu, lakini sikuyasema, nikanyoosha mkono pamoja na wengine kumwacha. Msimu uliofuata hakuja tena uwanjani.

Safu moja zaidi katika karatasi ile ingetosha, na penseli angeweza kuishika mchezaji wa akiba aliyekaa benchi.